Kusi Ina Kimo Gani? Historia Fupi ya Kupima Hewa Juu ya Dar es Salaam

Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza kujifunza Kiswahili hapa Uganda hukutana na maneno kusini na kaskazini katika wiki za mwanzo. Huambiwa kwamba ni majina ya pande za dunia, huyaandika daftarini, na somo linaendelea. Ni mara chache kuambiwa kwamba ndani ya maneno hayo mna pepo mbili. Kusi ni upepo, na kusini ni mahali utokako kusi. Kaskazi ni upepo, na kaskazini ni mahali utokako kaskazi. Kiambishi -ni tunachokifundisha katika nyumbani na shuleni ndicho kilichougeuza upepo kuwa upande wa dunia. Watu wa pwani walitazama kwanza upepo unakotoka, ndipo wakataja pande.

Makala haya yanaeleza jinsi hewa iliyo juu ya pwani ya Afrika Mashariki, hasa juu ya mji wa Dar es Salaam, ilivyoanza kupimwa, na kipimo hicho kiliongeza nini katika yale ambayo wenyeji walikuwa wakiyajua. Lengo letu ni kuonyesha jambo moja. Kiswahili kina majina ya upepo kwa upande unakotoka, kwa msimu na kwa saa za siku. Jina la upepo kwa kimo chake ni adimu. Kimo kililetwa na tiara, maputo na redio, na sisi walimu wa lugha bado tuna kazi ya kukitafutia maneno.

Upepo wa manahodha

Kwa karne nyingi, kipimo cha hewa katika pwani hii kilikuwa tanga. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba, nayo iliyarudisha. Kati yake kuna maleleji, wakati ambao upepo hauna msimamo. Wengine huuita tanga mbili, kwa kuwa chombo huweza kwenda upande wowote. Katika karne ya 15 nahodha Ahmad ibn Majid aliandika kwa Kiarabu kitabu kikubwa cha ubaharia, na ndani yake akaeleza nyakati zifaazo kusafiri katika Bahari ya Hindi. Neno la Kiarabu la nyakati hizo, mawsim, ndilo lililotupa sisi msimu. Ndilo pia lililowapa Wareno, na baada yao Waingereza, jina la pepo hizi ambalo leo tunalisoma katika vitabu vya jiografia kama monsuni. Kwa hiyo msimu na monsuni ni ndugu wa baba mmoja.

Juu ya pepo hizo kubwa kuna pepo ndogo za kila siku. Alfajiri hewa ya nchi kavu iliyopoa usiku huteremka taratibu kuelekea baharini. Upepo huo mwanana utokao bara huitwa umande, jina lilelile la matone yanayolowesha majani. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huja kushika nafasi yake. Matlai ni upepo utokao mashariki, na asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mahali pa kuchomoza jua. Mvuvi wa pwani hutoka kwa umande na kurudi kwa upepo wa bahari. Elimu hiyo ilitosha kwa kazi yake, kwa sababu tanga haliendi juu zaidi ya mlingoti.

Tiara na maputo ya mwaka 1908

Huko Ulaya na Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, wataalamu walianza kuuliza kuna nini juu ya mlingoti. Tarehe 4 Agosti 1894, katika kituo cha Blue Hill karibu na mji wa bandari wa Boston, kifaa kinachojiandikia joto chenyewe kilipandishwa kwa tiara, ambayo wengine huiita kishada. Tiara ilikuwa na faida kubwa: haikuhitaji mtu kupanda nayo. Hatari ya kupanda ilijulikana. Tarehe 31 Julai 1901 Arthur Berson na Reinhard Süring walipaa kwa puto kutoka Berlin hadi mita 10,800, na wote wawili wakapoteza fahamu kwa kukosa hewa ya kutosha. Waliponea chupuchupu.

Mwaka uliofuata, 1902, Mfaransa Léon Teisserenc de Bort na Mjerumani Richard Assmann walitangaza jambo ambalo halikutarajiwa. Maputo yasiyo na watu yalionyesha kwamba joto hupungua kadiri unavyopanda, lakini juu ya Ulaya, kwenye kimo cha kilomita 10 hadi 12 hivi, upungufu huo hukoma. Ikawa wazi kwamba hewa ina matabaka. Tabaka la chini, ambamo mawingu na mvua hutengenezwa, lina dari. Swali likawa: je, dari hiyo iko kwenye kimo kilekile duniani kote?

Jibu lilitafutwa kwetu. Mwaka 1908 Berson yuleyule, akiwa na mwenzake Hermann Elias, alitumwa na kituo cha Lindenberg kuja Afrika Mashariki, ambayo upande wa Tanganyika ilikuwa koloni la Wajerumani. Walipima katika Ziwa Victoria, wakiwa na kambi Shirati upande wa mashariki wa ziwa, na pia pwani. Ziwa na bahari vilichaguliwa kwa sababu ya vitendo. Puto likipasukia juu ya msitu, kifaa hupotea pamoja na maandishi yake. Wapimaji wa baharini walikuwa na mbinu ya kufunga maputo mawili pamoja: moja likipasuka huko juu, la pili hushusha kifaa polepole na kubaki likielea juu ya maji kama alama, hadi chombo kifike na kukiokota.

Matokeo yake yangali yanashangaza wanafunzi. Juu ya ikweta dari ya tabaka la chini iko kwenye kilomita 17 hivi, na baridi yake hushuka hadi nyuzi 80 chini ya sifuri za Selsiasi. Hewa ya huko ni baridi kuliko hewa ya kimo kilekile juu ya Ulaya penye theluji. Sababu ni kwamba joto la nchi zetu huisukuma hewa juu sana, na hewa inayopanda hutanuka, na inayotanuka hupoa. Pia waliona kwamba juu kabisa, katika kimo cha kilomita 20 hivi, upepo ulitoka magharibi, wakati wataalamu walikuwa wakitazamia upepo wa mashariki tu. Kwa mara ya kwanza anga la Afrika Mashariki lilisomwa kama jengo la ghorofa, kila ghorofa na upepo wake.

Puto, theodolaiti na ndege za abiria

Safari ya 1908 ilikuwa ya miezi tu. Kupima kwa mfululizo kulihitaji sababu ya kila siku, na sababu hiyo ilikuwa ndege. Mwaka 1929 Waingereza walianzisha idara moja ya hali ya hewa kwa Afrika Mashariki, makao yake makuu yakiwa Nairobi chini ya Albert Walter, aliyekuwa ametokea Mauritius. Mwaka 1931 ndege za abiria na barua kutoka London zilifika Mwanza. Mwaka 1937 ndege ziendazo majini zilikuwa zikitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban. Rubani hakuridhika kuambiwa kwamba leo ni kusi. Alitaka kujua: kusi ya mita ngapi?

Kifaa kilichotumika kilikuwa rahisi, na mwalimu wa hesabu anaweza kukieleza ubaoni. Puto dogo hujazwa hidrojeni kwa kipimo ili lipande kwa mwendo unaojulikana, tuseme mita 150 kwa dakika. Mpimaji hulifuata kwa theodolaiti, darubini inayopima pembe, na kila dakika huandika pembe mbili: puto liko juu kiasi gani, na liko upande gani. Baada ya dakika 10 puto liko mita 1,500 juu. Likionekana kwa pembe ya nyuzi 45, basi limesogea mita 1,500 pia juu ya ardhi, yaani upepo umelisukuma kwa wastani wa mita 2.5 kwa sekunde. Likionekana chini zaidi, kwa nyuzi 30, limesogea kama mita 2,600, na upepo ni mita 4.3 kwa sekunde. Usiku taa ndogo yenye mshumaa ilifungwa chini ya puto ili lionekane.

Juu ya mji wa pwani puto kama hilo lina mengi ya kusema. Likiachiwa alfajiri ya msimu wa kusi, linaweza kuanza kwa kuelekea baharini likibebwa na umande, na baada ya mita mia chache likageuka na kushika njia ya kusi kuelekea kaskazini na bara. Mtu aliyesimama ufukweni anaona upepo mmoja. Mwenye theodolaiti ameona pepo mbili, na ameandika kimo zinapokutana.

Hata hivyo njia hii ilikuwa na kasoro ambayo msomaji wa takwimu za zamani hana budi kuikumbuka. Puto likiingia mawinguni hupotea machoni. Kwa hiyo rekodi nyingi ni za siku za anga jeupe, na siku za masika, ambazo mkulima na mvuvi wangependa kuzijua zaidi, ndizo zenye maandishi machache.

Kusi na mto wa hewa

Rekodi hizo za kila siku, zilizoandikwa na wapimaji ambao majina yao hayamo vitabuni, hatimaye zilileta jambo kubwa. Kwanza zilionyesha kwamba kusi na kaskazi za kwetu ni nyembamba. Ni pepo za kilomita chache za chini tu, na juu yake hutawala pepo za mashariki. Hii ni mojawapo ya sababu zinazotolewa za kitendawili cha nchi zetu: pepo hizi hutoka baharini, lakini sehemu kubwa ya Afrika Mashariki hupata mvua kidogo kuliko ambavyo ungetazamia mahali palipo kwenye ikweta. Mvua kubwa inahitaji tabaka nene la unyevu linalopanda.

Pili, mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater alichapisha uchunguzi uliotumia rekodi za maputo za vituo vya Kenya, Garissa kikiwemo. Alionyesha kwamba katika majira ya kusi, kwenye kimo cha kilomita 1 hadi 1.5 hivi, hupita mkondo wa hewa wenye kasi ambao huweza kuzidi mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa. Mkondo huo hutokea pande za Madagaska, huvuka ikweta juu ya mashariki ya Kenya ukiegemea nyanda za juu kama maji yanavyoegemea ukingo, hupita Somalia, kisha hugeuka juu ya Bahari ya Arabu kuelekea India. Leo unajulikana kama mkondo wa Somalia, au mkondo wa Findlater. Unapeleka sehemu kubwa ya hewa inayotoka kusi ya dunia kwenda kaskazi yake, na mvua za India hutegemea mfumo huo.

Dar es Salaam iko kusini ya kiini cha mkondo huo, ila kusi inayovuma juu yake ni ya mfumo uleule. Tazama basi maana ya neno ilivyopanuka. Kusi ya nahodha ilikuwa upepo wa kumrudisha kwao. Kusi ya mpimaji ni sakafu ya mto wa hewa ambao wenyewe hupita juu ya vichwa vyetu, na mvua za mkulima wa Gujarati zimo ndani yake. Nahodha hakukosea. Alisoma ukurasa wa chini kwa usahihi mkubwa.

Saa tisa usiku

Tatizo la mawingu lilitatuliwa na redio. Mwaka 1929 Mfaransa Robert Bureau, na mwanzoni mwa mwaka 1930 Mrusi Pavel Molchanov, walirusha maputo yenye kifaa kidogo kinachotuma vipimo kwa redio huku kikipanda. Kifaa hicho, radiosondi, hupima joto, unyevu na kanieneo ya hewa. Siku hizi hutambua mahali kilipo kwa msaada wa setilaiti, na kutokana na kusogea kwake upepo hukokotolewa hata ndani ya wingu. Puto lake hufika kilomita 30 hivi kabla ya kupasuka.

Saa za kurusha zimepangwa kimataifa ili dunia nzima ipimwe kwa pamoja: saa sita usiku na saa sita mchana za Greenwich. Kwa saa zetu ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Kwa mji wa pwani saa hizo zinafaa mno, kwani ya kwanza humkuta umande na ya pili hukuta upepo wa bahari ukiwa na nguvu. Lakini kila puto ni gharama, gesi ni gharama, na kifaa mara nyingi hakirudi. Idara ya pamoja ilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na kila nchi ikabeba mzigo wake. Tanzania iliunda Wakala wa Hali ya Hewa mwaka 1999, ambao mwaka 2019 ukawa Mamlaka. Afrika kwa jumla ina vituo vichache vya namna hii ukilinganisha na ukubwa wake. Setilaiti na ndege za abiria husaidia, ila puto bado ndilo linalopita tabaka kwa tabaka kutoka ardhini kwenda juu.

Faida yake si ya wataalamu peke yao. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaharibu vyombo bandarini na mashamba ya karafuu. Aprili 1952 kingine kilipiga Lindi. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania pande za Mafia, wakati Dar es Salaam, kwa sensa ya mwaka 2022, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5. Kimbunga ni mnara wa hewa. Upepo wa juu ukivuma tofauti sana na wa chini, mnara huo huinama na kuvunjika. Pepo zikikubaliana, husimama na kupata nguvu. Asiyejua upepo wa juu hawezi kukadiria kitakachofika ufukweni.

Maneno ya kimo

Hapa ndipo sisi walimu wa lugha tunapoingia. Tahadhari za hali ya hewa za Tanzania hutolewa kwa Kiswahili, na wavuvi wanazielewa vizuri: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2. Ni lugha safi, na yote ni ya usawa wa maji. Sababu ya tahadhari iko juu, na tukitaka kuieleza darasani au redioni tunaanza kutafuta maneno. Tunasema upepo wa juu, lakini juu ya nini, na kiasi gani? Tunasema tabaka la chini la angahewa, lakini mtu mmoja anakusudia mita mia tano na mwingine kilomita 17.

Isidhaniwe kwamba watu wa pwani hawakutazama juu. Wanasema chamchela kwa upepo unaozunguka na kuinua vumbi, na kimbunga kwa dhoruba kubwa izungukayo. Anayetazama mawingu yakienda upande mmoja huku upepo wa usoni ukitoka upande mwingine amekwisha kupima pepo mbili za vimo viwili, bila theodolaiti. Ujuzi upo, umewekwa katika maelezo marefu badala ya jina moja. Kazi ya istilahi ni kuufupisha bila kuupotosha.

Mwandishi anapendekeza mambo matatu. La kwanza, tutumie majina ya wenyeji kabla ya kuunda mapya: umande na matlai vinasema kwa neno moja kile ambacho vitabu vya shule huita upepo wa nchi kavu na upepo wa bahari. La pili, tunapotaja tabaka, tutaje na kimo chake kwa mita au kilomita, ili neno lisibaki hewani. La tatu, wanafunzi wetu wanaofanya utafiti katika visiwa na fuo, hata fuo za ziwa letu, wawaulize wavuvi wanaitaje hali ya mawingu kupingana na upepo. Huenda neno tunalolitafuta linasemwa kila asubuhi na mtu anayekunja tanga, na halijaingia kamusi.

Hitimisho

Historia ya kupima hewa juu ya Dar es Salaam ni historia ya swali moja lililoongezwa juu ya maswali ya zamani. Manahodha waliuliza upepo unatoka wapi na lini. Wapimaji wa tiara, maputo na radiosondi waliuliza unatoka wapi na lini katika kila kimo. Majibu yao yametuonyesha baridi kali juu ya nchi za joto, pepo mbili katika alfajiri moja, na mto wa hewa uliofichika nyuma ya jina la kusi. Lugha iliyoweza kutoa pande za dunia kutoka kwa pepo mbili haishindwi kupata maneno ya kimo. Inangoja wasemaji wake, na walimu wake, wainue macho.